Wanyama wa Taa Huko Kaskazini, na Wageni wa Kweli wa Chwaka

Je, msomaji mpenzi, umepata kusikia habari za dubu wa taa? Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ifikapo miezi ya Desemba, Januari na Februari, watu hutoka nyumbani usiku, wamevaa makoti mazito na soksi mbili mbili, wakaenda bustanini kutazama wanyama waliotengenezwa kwa nuru. Pale amesimama dubu mweupe wa barafuni, mrefu kuliko mtu. Hapa ametua bundi mweupe, mabawa yake yanawaka. Kando yake kuna mbweha mweupe, na nyangumi aliyelala juu ya majani kana kwamba yumo baharini. Juu ya miti hupita miali ya kijani na zambarau, mfano wa ile ionekanayo angani karibu na Ncha ya Kaskazini. Watoto hushangilia, wazee hutikisa vichwa, kisha wote hurudi nyumbani kunywa kitu cha moto.

Labda utasema: "Mambo hayo yatuhusu nini sisi, tulio na jua mwaka mzima, na theluji twaijua kwa picha tu?" Ngoja kidogo. Katika kijiji cha Chwaka, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, kilomita 30 na kitu kutoka mjini, hufika viumbe wa nchi hizo za barafu, si wa taa bali wa damu na nyama. Nao huja kila mwaka, bila tiketi wala pasipoti. Tena taa zile zile zinazowafurahisha watu, zikitumiwa ovyo, zaweza kuwapotezea njia wageni hao. Basi yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo.

NCHI AMBAKO JUA HALICHOMOZI

Kwanza tujue kwa nini watu wa kaskazini wapenda taa namna hii. Hapa Unguja tofauti ya mchana ulio mrefu kabisa na ulio mfupi kabisa katika mwaka haifiki saa moja. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, likazama karibu saa kumi na mbili jioni, hata tumelifanya kuwa saa yetu. Huko kaskazini sivyo. Katika mji wa Tromsø, nchini Norwe, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Saa sita mchana huwa na mwanga hafifu wa rangi ya samawati, kama wetu wa alfajiri, kisha giza hurudi.

Ukitaka kuwaeleza watoto sababu yake, fanya hivi. Twaa chungwa, lichome kijiti katikati, juu hata chini. Washa kandili mezani. Shika chungwa karibu na kandili, lakini usilisimamishe wima. Liinamishe kidogo, ile ncha ya juu ielekee upande usio na kandili. Sasa lizungushe polepole. Utaona sehemu ya katikati yapata mwanga na giza kwa zamu, lakini ile ncha ya juu yabaki gizani hata uzungushe mara ngapi. Ndivyo dunia ilivyo mwezi wa Desemba. Sisi tuko karibu na katikati ya chungwa. Watu wa Tromsø wako karibu na ncha. Baada ya miezi sita dunia huwa imefika upande wa pili wa jua, na mambo hugeuka: huko kaskazini jua hukaa angani usiku na mchana.

Mtu akikaa gizani wiki nyingi, moyo wake hulegea. Madaktari wa nchi hizo wajua kwamba wako watu ambao kila majira ya baridi hupatwa na huzuni, uchovu na usingizi usiokwisha, nao huwatibu kwa kuwakalisha mbele ya taa kali asubuhi. Kwa hiyo taa za majira ya baridi si upuuzi. Humtoa mtu nyumbani, akakutana na jirani, akacheka.

Hata wanyama wa huko wameumbwa kulikabili giza. Yuko mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye pembe zenye matawi, aitwaye reinidia. Mwaka 2013 wataalamu walieleza kwamba sehemu ya nyuma ya jicho lake, ile irudishayo nuru kama jicho la paka linapomulikwa, wakati wa kiangazi huwa na rangi ya dhahabu, na wakati wa baridi hugeuka kuwa ya buluu. Kwa mageuzi hayo jicho hukusanya nuru kidogo iliyopo, na mnyama huweza kumwona adui gizani.

MISHUMAA YA LYON

Sikukuu za taa ziko nyingi, lakini moja iliyo maarufu kuliko nyingi ilianza kwa mishumaa ya watu wa kawaida. Ni ile ya mji wa Lyon, Ufaransa.

Mwaka 1852 watu wa Lyon walikuwa wametengeneza sanamu ya Bikira Maria, wakataka kuisimamisha juu ya kilima cha Fourvière. Siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 8 Septemba, Sikukuu ya Kuzaliwa kwake. Lakini mto Saône ulifurika, na sherehe ikaahirishwa mpaka tarehe 8 Desemba, siku ambayo sisi Wakatoliki twaijua kuwa ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Siku hiyo ilipofika, tufani ikatisha, wakuu wakafikiri kuahirisha tena fataki na taa zilizoandaliwa. Jioni mbingu ikatakata. Ndipo watu, pasipo kungoja amri ya mtu, wakawasha mishumaa na kuipanga madirishani, nyumba hata nyumba, mpaka mji mzima ukang'aa. Wakashuka mitaani wakiimba.

Tangu hapo desturi haikukatika. Siku hizi sherehe ya Lyon huchukua siku kadhaa, na mafundi wa taa kutoka nchi nyingi hupamba makanisa, madaraja na viwanja kwa nuru za umeme. Watazamaji huzidi milioni. Hata hivyo ziko bado nyumba ambazo tarehe 8 Desemba huweka kimshumaa ndani ya bilauri dirishani, kama walivyofanya wazee wao.

Miji mingine ilifuata kwa namna yake. Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, ulianza sikukuu yake ya taa za baridi mwaka 2002, nayo hufanyika Februari. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, una yake ya Januari tangu mwaka 2009. Na kwa kuwa miji hiyo iko jirani na nchi za barafu, mafundi huchukua mifano yao katika mambo wanayoyaona: theluji, barafu, wanyama, na nuru ya angani.

NAMNA WANYAMA WA TAA WANAVYOTENGENEZWA

Mafundi wengi wa wanyama hao wamejifunza kwa Wachina. Katika mji wa Zigong, jimbo la Sichuan, kazi ya kutengeneza taa kubwa za sanamu ni ya kale. Kwanza fundi huchora mnyama. Kisha huunda mifupa yake kwa vyuma na waya, kama vile mtu aundavyo dema. Ndani hutia taa ndogo ndogo za LED, ambazo hazili umeme mwingi wala hazipati moto wa kuunguza. Halafu huivika mifupa hiyo kitambaa kama hariri, kipande kwa kipande, wakakibandika kwa gundi na kukipaka rangi. Ukiwasha, mnyama mzima huwaka kutoka ndani.

Mwaka 2018 bustani ya Jardin des Plantes mjini Paris ilijazwa sanamu za namna hiyo, nazo zote zilikuwa za viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani, pamoja na wengine waliokwisha kutoweka. Watu walikwenda kustarehe, wakarudi wamejifunza.

Iko na namna ya pili, isiyotumia kitambaa wala waya. Fundi mmoja wa Uswisi, Dan Acher, amebuni kazi iitwayo Borealis. Yeye hupuliza moshi mwepesi juu ya kiwanja cha mji, kisha hupitisha humo miali ya leza. Miali ikigusa moshi, mawimbi ya rangi huonekana yakitembea juu ya vichwa vya watu, kama nuru ile ya kaskazini.

Na nuru yenyewe ya kweli ni nini? Jua hutupa angani chembe ndogo mno zenye nguvu ya umeme. Dunia nayo ni kama sumaku kubwa, huzivuta chembe hizo kuelekea karibu na ncha zake mbili. Zikifika juu sana, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, hugongana na hewa, na hewa ile huwaka. Oksijeni hutoa rangi ya kijani, na ikiwa juu zaidi hutoa nyekundu. Naitrojeni hutoa samawati na zambarau. Kwa kuwa sisi tuko mbali na ncha zote mbili, nuru hiyo si ya kutazamiwa Chwaka.

UNGUJA NAYO ILISTAAJABIA TAA

Tusidhani kwamba kustaajabia taa ni kazi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1883 Seyyid Barghash alijenga jumba lake kubwa mbele ya bahari, katika Mji Mkongwe. Lilikuwa jumba la kwanza Unguja kutiwa umeme, na watu wakaliita Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Hadithi ya jumba hilo ina majonzi, kwa maana tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafa. Lakini jina lake latukumbusha jinsi taa zilivyowashangaza wazee wetu.

Tena wavuvi wetu wa dagaa ni mafundi wa nuru tangu zamani. Usiku wa giza walitoka na karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Samaki wadogo hufuata nuru, hukusanyika chini ya chombo, na wavu ukawazingira. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hao hukaa nyumbani, kwa kuwa nuru imeenea kila mahali na samaki hawakusanyiki. Mvuvi basi ajua jambo ambalo fundi wa Ulaya huweza kulisahau: taa ikiwashwa gizani huvuta viumbe, na kiumbe aliyevutwa na taa hawezi kujizuia kwa urahisi.

WAGENI WA CHWAKA

Sasa twende pwani. Ghuba ya Chwaka ni pana, na maji yake si ya kina kikubwa. Kusini yake kuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya kisiwa cha Unguja. Kandokando yake viko vijiji kama Chwaka yenyewe, Marumbi, Uroa, Charawe, Ukongoroni na Michamvi. Wakati wa bamvua maji yakipwa, hurudi nyuma mbali sana, yakaacha mchanga, majani ya baharini na matope. Akina mama hushuka kwenda kuchokoa chaza na kombe na kuangalia mwani wao. Watu hawapo peke yao. Utaona ndege wengi, wadogo kwa wakubwa, wanatembea wakidonoa.

Kati yao yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini. Uzito wake ni karibu sawa na yai moja la kuku. Kitwitwi huyo amezaliwa Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, katika nchi isiyo na miti, ambayo ardhi yake chini imeganda mwaka mzima. Kutoka kwao hata Chwaka, ukipima kwa mstari ulionyoka, ni karibu kilomita 9,000. Yuko mwingine mweupe mweupe, akimbiaye mbele ya wimbi kama mtoto anayeogopa kulowa miguu. Naye hutaga huko huko karibu na Ncha ya Kaskazini. Yuko apinduaye mawe na majani kwa mdomo ili ale vilivyojificha chini yake. Yuko na sululu, mkubwa, mwenye mdomo uliopinda kama mundu, awatoaye kaa mashimoni.

Na si wote watokao barafuni. Yuko ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, alaye kaa. Huyo hutaga katika pwani za Omani, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani kama panya, akataga yai moja tu jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha huja kwetu, kama majahazi ya kale yalivyokuja kutoka pwani zile zile.

Wageni wa kaskazini huanza kufika Agosti na Septemba, kabla kaskazi haijashika. Wazazi hutangulia. Watoto, waliozaliwa Juni au Julai tu, hufuata baadaye, nao hawajapata kuiona njia hata mara moja! Hakuna wa kuwaongoza. Huongozwa na nyota, na jua linapozama, na ile nguvu ya sumaku ya dunia tuliyoitaja. Kitwitwi wa Siberia hupita nchi nyingi, kama zile za Bahari ya Kaspi na Mashariki ya Kati, akitua kula na kupumzika. Nao husafiri sana usiku.

Wakishafika, hawana saa ya kulala kama kuku. Wao hufuata maji. Maji yakipwa saa nane usiku, watashuka saa nane usiku kutafuta minyoo, kaa wadogo na konokono wa baharini. Maji yakijaa, hukusanyika mahali pakavu au penye mikoko kungoja. Ifikapo Machi na Aprili hula kwa bidii kuliko siku zote, hunenepa, na manyoya yao ya kijivu hugeuka rangi. Kitwitwi wetu huwa mwekundu kama tofali lililochomwa. Ndiyo nguo yake ya arusi! Kisha, kusi inapoanza kuvuma, huondoka na upepo mgongoni. Wengi wa vijana wa mwaka wa kwanza hawaendi; hubaki Afrika mpaka mwaka wa pili.

PANYA WA SIBERIA NA MATOPE YA CHWAKA

Haya, sikiliza ajabu moja. Idadi ya watoto wa kitwitwi wanaofika Afrika hutegemea panya! Huko Siberia kuna panya wadogo wanene waitwao lemingi. Miaka mingine huwa wengi mno, miaka mingine huwa haba. Lemingi wakiwa wengi, mbweha weupe hula hao, wakashiba, na mayai ya ndege hubaki salama. Lemingi wakiwa haba, mbweha hugeukia viota vya ndege, wakala mayai na makinda. Basi mwaka huo watoto wanaofika pwani zetu huwa wachache. Zamani mambo hayo yalizunguka kila miaka 3 au 4; siku hizi, kwa kuwa hali ya hewa ya kaskazini yazidi kuwa joto, mahali pengi mzunguko huo umevurugika.

Kumbe mbweha mweupe, yule atengenezwaye kwa waya na kitambaa huko Ulaya, ana shauri lake katika matope ya Chwaka, wala sisi hatukujua.

Na kamba hiyo hukatika pande zote mbili. Ikiwa ndege amezaliwa salama Siberia lakini akikosa chakula Afrika, hawezi kunenepa, wala hatafika kwao kutaga. Mwaka 2024 jamii kadhaa za ndege wa pwani, kitwitwi huyu akiwemo, zilitiwa katika daraja mbaya zaidi ya orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa wamepungua sana. Sababu mojawapo ni kwamba pwani za matope wanapotua njiani zimefukiwa au kuharibiwa.

Hapa petu serikali imekwisha lijali jambo hili. Msitu wa Jozani na sehemu ya Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaitia Jozani na Ghuba ya Chwaka katika hifadhi zake za dunia. Mwaka 2012 wataalamu walitoa kitabu kizima juu ya ghuba hii, watu wake na viumbe vyake. Lakini mpaka wa hifadhi haumzuii mtu mwenye shoka usiku. Mikoko imekatwa kwa kuni, kwa boriti, na kwa kuchomea chokaa. Mikoko ikiisha, matope huchukuliwa na maji, samaki hukosa mahali pa kukulia, na ndege hukosa pa kusimama. Anayepata hasara kwanza ni mvuvi mwenyewe na mama achokoaye chaza.

NURU INAPOKUWA MTEGO

Sasa turudi kwenye taa. Mjini New York, Marekani, tangu mwaka 2002 huwashwa taa kubwa kila tarehe 11 Septemba, kuwakumbuka waliouawa siku hiyo mwaka 2001. Taa ni 88, nazo hutoa nguzo mbili za nuru zipandazo mbinguni kilomita nyingi. Ni jambo la heshima, na hakuna mtu mwema awezaye kulilaumu. Lakini Septemba ni mwezi wa ndege kusafiri. Wataalamu walipochunguza usiku 7 wa kumbukumbu hiyo, kati ya mwaka 2008 na 2016, walihesabu kwamba ndege kama milioni 1.1 walivutwa na nuru. Walizunguka humo ndani wakilia, wakipoteza nguvu ambazo walikuwa wamezihifadhi kwa safari.

Je, walizima taa wasikumbuke tena wafu wao? La, hasha. Walipatana. Watu husimama hapo usiku kucha wakihesabu ndege. Wakizidi 1,000, taa huzimwa kwa dakika 20. Mara giza likiingia, ndege hutawanyika, wakashika njia yao, na taa huwashwa tena. Hivyo waliokufa walikumbukwa, na viumbe vya Mungu havikuumizwa. Huo ni mfano mzuri wa watu kutatua shauri bila ugomvi.

Pwani zetu zina shauri la namna hiyo. Upande wa mashariki wa Unguja umejaa hoteli, na hoteli zapenda taa kali za ufukweni. Mbali na ndege, yuko kasa. Mtoto wa kasa atokapo mchangani usiku hutafuta mahali penye mwanga zaidi, maana tangu kale mwanga huo ulikuwa ni bahari iliyomulikwa na nyota. Akiiona taa ya hoteli hugeuza, akapanda nchi kavu. Asubuhi jua humkuta huko, naye hufa, au kunguru humla.

MIEZI MITATU YA GIZA

Tusieleweke vibaya. Giza si kitu cha kusifiwa na mtu aliyeshiba. Unguja yajua giza ni nini. Umeme wake hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kisha tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, wala haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zilisimama, barafu ya kuhifadhia samaki ikakosekana, wenye maduka na wafanya kazi wa hoteli wakapata hasara, na mwenye uwezo alinunua jenereta. Waya mpya ulipozinduliwa mwaka 2013, watu walifurahi, na haki yao.

Kwa hiyo hatusemi taa zizimwe. Mzazi apendaye mwanawe asome jioni ataka taa, na muuguzi amzalishaye mama ataka taa. Tunasema jambo dogo zaidi: taa iwe mahali ilipo kazi. Taa imulikayo mbingu haimsomeshi mtoto wala haimwonyeshi mtu njia. Hula umeme bure na kusumbua viumbe. Wazee walisema, kila kitu na kiasi.

TUFANYE NINI?

Haya ni mambo ambayo kila nyumba ya pwani yaweza kuyafanya, nayo hayataki fedha nyingi.

Kwanza, taa ya nje ifunikwe juu, imulike chini. Hata bati la kopo laweza kuwa kifuniko. Utaona ua wako umeng'aa zaidi kuliko kwanza, maana nuru haipotei tena juu.

Pili, taa za upande wa bahari zizimwe watu wanapolala. Ikiwa lazima iwepo moja kwa ajili ya wezi, iwe ya rangi ya manjano au nyekundu hafifu, kwa kuwa nyeupe kali huvuta viumbe zaidi.

Tatu, wenye kufanya kazi hotelini wawaambie wakubwa wao habari hizi kwa adabu. Mgeni aliyetoka Ulaya amekwisha ziona taa nyingi kwao. Anga lenye nyota lililo Chwaka huenda hajapata kuliona.

Nne, watoto wakatazwe kuwatupia mawe ndege waliokusanyika maji yanapojaa, wala mbwa wasiachwe kuwafukuza. Ndege akirushwa mara kumi kwa siku hutumia mafuta yake ya safari. Ni kama kumwibia msafiri masurufu yake.

Tano, mikoko ilindwe na kupandwa. Mche wa mkoko hauna bei, waokotwa matopeni.

Nanyi wazazi, mwezi wa Aprili, siku ya bamvua, wachukueni watoto mpaka ukingo wa maji. Kaeni kimya, msiwakaribie sana. Mtafuteni yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, aliyegeuka mwekundu kama tofali. Waambieni kwamba ndege huyo yu karibu kuondoka; kwamba mwezi Juni atakuwa katika nchi ambayo jua halizami, anaatamia mayai manne katika kiota kilicho chini, na mbweha mweupe anazunguka karibu. Watu wa miji mikubwa hulipa kiingilio wamtazame mbweha huyo akiwa wa waya na taa. Mtoto wa Chwaka amtazame bure yule aliyemwona mbweha mwenyewe. Kisha Septemba ikifika, mrudi pale pale mkahesabu ni wangapi waliorejea.